Tumbo la MiG

Kiti cha rubani wa ndege ya kivita ya MiG-21MF kinaitwa KM-1. Mambo yakiharibika angani, rubani huvuta vishikio vilivyo katikati ya mapaja yake, kioo cha juu kinafyatuka, kisha baruti na roketi zilizofungwa kitini zinamrusha nje yeye na kiti chake. Ninacho kimoja mezani. Urefu wake haufiki sentimita tatu. Kimemiminwa kwa resini ya kijivu, na mikanda yake imelala kwa mikunjo, kama mikanda ya mtu aliyeinuka sasa hivi akaenda kunywa chai.

Kwa wasioufahamu ulimwengu huu: modeli ya ndege hununuliwa ikiwa vipande vipande kisandukuni, vimeshikana kwenye fremu za plastiki, pamoja na kijitabu cha maelekezo na karatasi ya alama za kubandika. Yangu ni ya kipimo cha 1:48. Ndege halisi ilikuwa na mita 7.15 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili. Ya kwangu ina chini kidogo ya sentimita 15. Ukifuata maelekezo unapata ndege nzuri. Lakini wapo watu wasioridhika na ndege nzuri, na kwa ajili yao kuna soko zima la vipuri vya kubadilishia, vinavyouzwa peke yake kwenye pakiti ndogo za nailoni: viti, magurudumu, bomba la moto la nyuma, vyumba vizima vya rubani. Vingi ni vya resini.

Tofauti iko kwenye kalibu. Plastiki ya kisandukuni husukumwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma, na chuma hakipindi, kwa hiyo kila kipande lazima kiwe na umbo linaloweza kutoka bila kukwama. Ndiyo maana mkanda wa plastiki huwa umechorwa tu juu ya kiti, bapa, kama mkanda uliopigwa pasi. Resini humiminwa baridi kwenye kalibu ya silikoni, laini kama mpira. Ukivuta, inapanuka na kukiachia kipande pamoja na mikunjo yake, matundu yake, nyaya zake. Ubaya ni kwamba kalibu ya silikoni huchoka baada ya kumiminwa mara kadhaa, hivyo vipuri hivi hutengenezwa vichache vichache na bei yake inajulisha hivyo. Watengenezaji wengi mashuhuri, Eduard, Aires, CMK, wako Jamhuri ya Czech. Si ajabu sana ukikumbuka kwamba Chekoslovakia ya zamani ilikuwa ikitengeneza MiG-21F-13 yenyewe, kwa leseni ya Wasovieti. Wanaochonga kiti cha KM-1 kwa ukubwa wa punje ya njugu wametoka katika nchi ambako viti halisi vilikuwa kazi ya kila siku ya watu.

Kazi yenyewe si ya haraka. Kila kipuri huja kikiwa kimegandana na kitako cha resini pale ilipomiminwa, na kitako hicho hukatwa kwa msumeno mwembamba kama wembe. Kabla ya hapo unaviosha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana vina mafuta ya kuvitoa kwenye kalibu na rangi haishiki juu yake. Unasugua kwa msasa ukiwa na maji, umevaa barakoa, kwa sababu vumbi la resini si vumbi la kuvuta. Gundi ya plastiki haifanyi kazi, kwani hiyo hushikisha kwa kuiyeyusha plastiki yenyewe, na resini haiyeyuki. Hapo ni supagluu, ile ile ya Kariakoo. Halafu unagundua kwamba chumba cha rubani cha resini ni kinene kuliko nafasi iliyoachwa, na inabidi uzikwangue kuta za ndani za kiwiliwili cha ndege hadi uone mwanga ukipenya kwenye plastiki. Nilikwangua kwa siku nne. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja alidhani ni panya.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa muda mrefu mambo haya mawili, masomo na modeli, yalikaa kwenye rafu tofauti. MiG-21MF ndiyo iliyoyakutanisha, kwa sababu hii ndiyo ndege iliyopiga mabomu mji alikozaliwa mama yangu.

Historia yake kwa ufupi. Uganda ilipata MiG zake za kwanza, MiG-17, kutoka Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960, enzi za Milton Obote. Idi Amin alimpindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaja kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Wakapatanishwa Mogadishu mwezi uliofuata. MiG-21 zilikuja baadaye kidogo, katikati ya miaka ya 1970. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel waliokwenda Entebbe kuwakomboa mateka walizilipua MiG kadhaa zilizokuwa zimeegeshwa hapo, ili zisije zikawafuata njiani. MiG za Amin zilikuja Bukoba mwezi Oktoba 1978, kabla majeshi yake hayajavuka mpaka na kulitwaa eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera. Yaliyofuata kila Mtanzania ameyasoma: daraja la Kyaka kulipuliwa, hotuba ya Mwalimu kuhusu uwezo, sababu na nia, jeshi kuvuka, Kampala kuanguka Aprili 1979.

Hiyo ndiyo historia ya vitabuni, na ni ya kweli. Ila ndani yake ndege hupita kwa sentensi moja. Zilikuja, zikapiga, madhara ya mabomu hayakuwa makubwa, vioo vya madirisha vikavunjika, watu wakakimbia. Nilipokuwa nikisoma sentensi za namna hiyo nilikuwa na swali moja la kitoto ambalo sikuona mahali pa kuliuliza darasani: ilikuwaje ndege yenye kasi maradufu ya sauti, inayoweza kubeba mabomu ya kilo 500, ikaja juu ya mji mdogo usio na kinga ya maana, halafu ikavunja vioo?

Jibu moja nililipata kwenye resini.

Ukishakiweka kiti cha KM-1 ndani ya chumba chake, ukaweka na paneli ya vyombo, unaweza kufanya jambo ambalo kitabu hakikuruhusu. Nilifumba jicho moja, jingine nikalisogeza hadi nyuma ya kichwa cha kiti, nikatazama mbele. Kwanza unaona kwamba chumba ni kidogo. Kingo zake zinafika mabegani. Mbele yako kuna chombo cha kulengea, nyuma yake fremu nene ya kioo, nyuma ya fremu pua ndefu ya ndege. Kulia na kushoto unaona anga. Ukitaka kuona ardhi moja kwa moja chini yako, huoni. Unaona sakafu yenye kanyagio mbili, kisha bawa lako mwenyewe. Chumba chote kimepakwa rangi ya kijani-samawati ambayo Wasovieti waliipenda kwenye ndege zao, na ukikaa nayo kwa saa kadhaa unahisi kama uko ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji.

Hii haikuwa ndege ya kutazama chini. Ofisi ya Mikoyan na Gurevich iliibuni miaka ya 1950 kwa kazi moja: kupaa haraka, kwenda juu sana, kuikuta ndege kubwa ya mabomu ya adui, kuipiga, kurudi kabla mafuta hayajaisha. Kila kitu kimetolewa sadaka kwa ajili ya hiyo kasi. Bawa ni jembamba, la pembetatu. Nafasi ya mafuta ni ndogo. Kupiga mabomu ardhini kulikuja baadaye, matoleo yalivyozidi kuongezeka, na MF ilipewa sehemu nne za kuning'iniza silaha chini ya mabawa na mzinga wa midomo miwili tumboni. Lakini kiti kilibaki pale pale, na macho ya rubani yakabaki pale pale. Ukija kwa kilomita 900 kwa saa kuutafuta mji ulio kati ya vilima na ziwa, mji wenye mabati yaliyojificha kwenye migomba, una sekunde chache za kuuona na kufanya uamuzi, kisha uko juu ya Ziwa Victoria unatafuta njia ya kurudi.

Sisemi hivi kumtetea rubani. Kutoona vizuri hakumfanyi mtu kuwa na hatia ndogo. Pengine ni kinyume chake, maana anayekubali kuachia bomu mahali asipopaona ameshakubali limwangukie yeyote. Ninasema tu kwamba umbo la ndege lina habari ndani yake, na habari hiyo haimo kwenye nyaraka. Amin alikuwa amenunua ndege ya kuwazuia wengine wasije juu ya mji wake. Akaitumia kwenda juu ya miji ya wengine. Kama silaha ya kuharibu ilikuwa dhaifu. Kama silaha ya kuhamisha watu ilifanya kazi yake yote ndani ya dakika chache, na kwa hilo haikuhitaji kulenga.

Nilipima kwenye ramani. Kutoka Entebbe hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 170, sehemu kubwa maji. Kwa kasi niliyoitaja ni dakika kumi na moja. Ukiupunguza umbali huo kwa 48, kama nilivyoipunguza ndege, unapata kilomita tatu na nusu, ambazo bodaboda wa Dar es Salaam kwenye foleni anazimaliza kwa muda huo huo wa dakika kumi. Na bibi yangu, mzaa mama, ambaye mwaka 1978 alikuwa na miaka 24, kwa kipimo hicho angekuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Karibu sawa na kiti.

Likizo ilipofika nilisafiri na modeli hadi Bukoba, ndani ya boksi la viatu nililolipakata njia nzima. Rangi ilikuwa tayari, alama za kubandika bado. Sikuwa na hakika kama ni jambo la adabu kumpelekea mtu sanamu ya kitu kilichomkimbiza kwake. Nilimwamkia, tukala, nikazunguka zunguka na maneno, mwisho akasema, "Mjukuu wangu, toa hicho ulichokuja nacho, unakilinda kama yai."

Nilikitoa. Nilitaka kumwonyesha kiti. Nilikuwa nimeacha kioo wazi, kimeinamia kulia kama kinavyofunguka kwenye MF, ili mikanda ionekane. Bibi aliipokea ndege kwa mikono miwili, akaitazama kwa juu muda mfupi sana, kisha akaigeuza. Akaitazama tumbo. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaiinua juu ya kichwa chake, ikiwa imelala kifudifudi angani, akaitazama kutoka chini.

"Hapa sasa ninaiona," alisema.

Tumbo la modeli yangu lilikuwa la plastiki ya kisandukuni, jinsi lilivyotoka kiwandani. Fedha zangu zote za resini zilikwenda juu: kiti, chumba cha rubani, bomba la moto. Chini sikununua kitu, kwa sababu kwenye rafu hakuna anayeangalia chini. Majaji wa mashindano ya modeli nao, nimeambiwa, huigeuza ndege mara moja tu kuhakikisha mistari ya maungio imesuguliwa.

Akanisimulia, na hapa ninafupisha. Msimu wa senene ulikuwa unakaribia, mvua za Novemba zilikuwa njiani, na watoto wa Hamugembe walikuwa wameanza tabia yao ya kutazama juu kila jioni. Yeye alikuwa anamenya ndizi nje. Sauti na ndege vilifika pamoja. Hakuona alama yoyote, hakuona rubani, hakuona bomu likidondoka. Aliona tumbo liking'aa kama la samaki anayegeuka majini, halafu kishindo upande wa mjini, halafu dirisha la jirani likamwagika. Akamfunga mama yangu mgongoni, alikuwa na mwaka mmoja na miezi, akachukua sufuria ikiwa na ndizi mbichi ndani yake, akaanza kutembea kuelekea kusini pamoja na watu wengine. Walilala njiani usiku mmoja. Walifika Kamachumu na ile sufuria, na ndizi zilizokuwa zimegeuka nyeusi.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa zaidi ya yote. Alisema zile za mara ya kwanza hazikuwa hizi.

"Mara ya kwanza ipi, Bibi?"

"Wakati sijaolewa. Zile zilikuwa zinanguruma. Hizi za pili zilikuwa zinapasua, kama mtu anachana kitambaa."

Mara ya kwanza ni Septemba 1972. Wakati huo Uganda haikuwa bado na MiG-21. Ilikuwa na MiG-17, ndege ya kizazi cha nyuma, isiyofikia kasi ya sauti ikiruka bila kushuka. Bibi hajui MF wala 17. Hajawahi kuona injini. Lakini baada ya zaidi ya miaka 40 sikio lake linazitenganisha ndege za vita viwili ambavyo hata baadhi ya maandishi huvichanganya, na linazitenganisha kwa haki. Nimekaa na watu wanaobishana kwa wiki nzima kama tundu fulani kwenye bawa la MF lilikuwa la mviringo au la mraba. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuniambia ndege hiyo ilisikikaje kwa mtu aliye chini yake ana kisu cha ndizi mkononi.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonisumbua kuhusu burudani yangu hii ninayoipenda. Usahihi ni bidhaa, na huenda palipo na mnunuzi. Ninaweza kuagiza leo kiti cha KM-1 cha aina mbili au tatu, magurudumu yaliyobonyea kidogo kwa uzito, bomba la hewa la pua lililochongwa kwa shaba, hata vifuniko vyekundu vya kuzuia vumbi. Kwa upande wa pili, inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 wa Kagera waliuawa katika uvamizi ule na makumi ya maelfu wakahama, na tarakimu hizo hubaki hivyo, za mviringo, "wapatao", "makumi ya maelfu". Ndege inajulikana kwa milimita. Waliokuwa chini yake wanajulikana kwa makadirio. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na jeshi letu hadi Uganda, walihifadhi mengi ambayo bila wao yangepotea, na askari wetu waliokufa wana makaburi yao Kaboya, Muleba, yanayotunzwa kwa heshima. Aliyelala njiani kwenda Kamachumu na sufuria yake ana nani? Ana wajukuu, kama amejaliwa, na kama wajukuu wanauliza.

Wapo watakaosema basi acha modeli, kaa na bibi yako urekodi. Ninarekodi. Lakini nisingekuwa na cha kumuuliza kama nisingekuja na ile ndege. Nilishamuuliza kuhusu vita mara nyingi tangu nikiwa shule ya msingi, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: tulikimbia, Mungu akatusaidia. Kitu chenye uzito mkononi ndicho kilichotoa samaki, senene, kitambaa kinachochanwa. Niliandika kurasa tisa usiku ule.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Na za kwetu zilikuwaje?"

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Za kwetu zilitoka China. Wachina walipewa leseni ya MiG-21 mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha urafiki wao na Wasovieti ukavunjika kabla kazi haijakamilika, wakalazimika kumalizia wenyewe kwa kufumua na kupima. Nakala yao ya kwanza iliruka mwaka 1966. Ile iliyouzwa nje iliitwa F-7, na Tanzania iliipata, pamoja na F-6 na nakala za MiG-17. Kwa hiyo mwaka 1978 pande zote mbili za Mto Kagera zilikuwa na watoto wa mama mmoja. Wananchi waliziita zote MiG, na hawakukosea.

Mezani zinatofautiana sana. F-7 inafuata toleo la mwanzo, F-13: pua nyembamba, mgongo mwembamba nyuma ya rubani, sehemu mbili tu za silaha chini ya mabawa badala ya nne. Kioo chake hakifunguki kulia. Kinainuka chote kwa mbele, na rubani akijirusha kinatoka pamoja naye kama ngao ya kumkinga na upepo. Kiti si KM-1. Mtu yeyote mwenye modeli hizi mbili mbele yake hawezi kuzichanganya hata akiwa na usingizi.

Ila hakuna aliyekuwa na modeli mbele yake. Katika siku zile za mwanzo za vita, ndege za Tanzania zilipita juu ya Musoma, na askari wetu wa kutungua ndege, ambao hawakuwa wameambiwa kwamba za kwetu zinapita, walizifyatulia makombora wakazidondosha tatu. Nimewahi kusikia tukio hili likisimuliwa kama kichekesho cha jeshi changa. Mimi silioni hivyo. Waliokuwa chini walikuwa wamesikia habari za Bukoba. Walichokuwa nacho ni kile alichokuwa nacho bibi: sauti, tumbo linalong'aa, na muda usiotosha hata kuvuta pumzi.

Na angani kulikuwa hakuna aliyekuwa anaona vizuri zaidi. Mwishoni mwa Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kuipiga Mwanza. Mabomu yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane kilichokuwa hifadhi ndogo ya wanyama, yakaua swala. Siku chache baadaye, tarehe 7 Aprili, jeshi letu liliingia Entebbe na kukuta MiG kwenye uwanja. Baadhi ya hizo zilirushwa hadi Mwanza, zikawa zetu. Ninajaribu kumfikiria mtu wa Mwanza anayeisikia MF ikija kutoka upande wa Uganda, sauti ile ile ya kitambaa kinachochanwa, na safari hii anatakiwa asikimbie.

Nimeanza F-7. Kisanduku ni cha MiG-21F-13, kwa kuwa nakala na asili zinakaribiana kiasi cha kutosha, na kiti chake cha resini kimefika wiki iliyopita ndani ya mzigo wa mtu aliyetoka Ulaya. Sijakikata kitako. Kwanza nimeagiza vipuri vya chini: matundu ya magurudumu pamoja na mabomba yake, breki za hewa zinazofunguka tumboni, milango yake midogo. Havikuwa rahisi kupatikana, na muuzaji aliniandikia kuniuliza kama nina hakika, kwa sababu ndege ikisimama kwa magurudumu yake havitaonekana. Nilimjibu kwamba haitasimama. Nimeshanunua uzi wa kuvulia samaki wa kuining'iniza darini kwa Bibi, juu ya meza anayomenyea ndizi.